Aliyetetea msitu wa sokwe usigawanywe mashamba

GISENYI. Anayeshusha viazi kutoka Mahoko kuelekea Petite Barrière anaujua Mto Sebeya. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mto huo ulifurika na kubeba nyumba, mali na watu. Mafuriko na maporomoko ya usiku huo yaliua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda.

Maji ya Sebeya hutoka milima ya Gishwati. Katika miaka ya 1970 msitu wa huko ulikuwa na hekta zipatazo 28,000. Ulifyekwa kwa ajili ya malisho ya ng'ombe, na baada ya 1994 wakimbizi waliorejea wakapewa makazi humo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki kama hekta 600. Ni vigumu kumlaumu aliyerudi na watoto na mkeka mmoja. Angelala wapi?

Swali hilo lilimfika pia Eugène Rutagarama, mhifadhi wa Kinyarwanda aliyekuwa amekimbilia Burundi. Aliporudi baada ya mauaji ya kimbari alikuta idara ya hifadhi haina kitu, na shinikizo la kugawa Hifadhi ya Volkano, makao ya sokwe wa milimani. Haikuwa hofu tupu: mwaka 1997 Akagera, upande wa mashariki, ilipoteza zaidi ya nusu ya eneo lake. Rutagarama aliwashawishi viongozi Volkano isiguswe, na haikuguswa. Mwaka 2001 akapewa Tuzo ya Goldman.

Baadaye aliongoza mpango wa kimataifa wa kuwahifadhi sokwe hao, unaounganisha Rwanda, Kongo na Uganda. Haikuwezekana vinginevyo, kwa sababu sokwe huvuka mpaka bila jeton. Hata majeshi yalipokuwa yakipigana, askari wa wanyamapori wa nchi tatu waliendelea kuhitaji kupeana habari.

Hesabu ya 2010 ilikuta sokwe 480 kwenye safu ya Virunga. Ile ya 2015 na 2016 ikakuta 604. Tangu 2017 kibali cha kuwaona upande wa Rwanda ni dola 1,500, na asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi za taifa hurudi kwa majirani wa hifadhi. Hiyo ni biashara ambayo mfanyabiashara yeyote wa Gisenyi au Goma anaielewa bila kufafanuliwa.

Gishwati nayo, pamoja na Mukura, ilifanywa hifadhi ya taifa kwa sheria ya 2015, zote mbili zikiwa na hekta 3,558. Sehemu kubwa ya zile 28,000 sasa ni viazi, chai na malisho, na mvua inayonyesha juu yake bado hushukia Mahoko.