Tarakilishi ikikataa kusoma sidi, chunguza haya kwanza

Sidi ya picha za harusi ya mwaka 2005 imo kabatini, nawe mkazi wa mtaa wa Pioneer, Eldoret, unaitia katika tarakilishi kuukuu ya nyumbani bila kuona chochote. Usikimbilie kununua mtambo mwingine.

Jaribu kwanza sidi iliyotoka kiwandani. Ikisomeka, shuku sidi yako: zinazorekodiwa nyumbani zina tabaka la rangi linalofifia kwa joto na mwanga. Hata hivyo ijaribu kwa jirani, maana mtambo uliochoka huzishindwa hizo mapema. DVD zikisomeka ilhali sidi zote zinakataa, kasoro imo katika mwale. Sidi husomwa kwa mwale wa nanomita 780, DVD kwa wa 650, na mmoja huweza kufa mwingine ukabaki.

Zote zikikataa, huenda ni waya uliolegea au vumbi kwenye lenzi, jambo la kawaida kiangazi cha Januari na Februari kinapokaza. Chomoa umeme kabla ya kufungua chochote. Mwale huo huumiza macho. Sidi yenyewe ipanguse kwa kitambaa laini, kutoka katikati hadi ukingoni, si kwa kuzungusha.

Picha zikifunguka, zinakili siku hiyo hiyo, mahali pawili.