Megawati na Manyunyu

Ukitaja bwawa la umeme, wengi huiona Mtera: maji yanayopotelea upeoni, mitumbwi, wavuvi wakianika nyavu. Ukienda kwenye bwawa la mto Kihansi na picha hiyo utadhani umepotea njia. Tuta lina kimo cha mita 25 tu, na bwawa limejibanza kati ya vilima vya Udzungwa kama kitu kilichojificha. Lakini Mtera, pamoja na ukubwa wake wote, ina mitambo ya megawati 80. Kihansi ina 180.

Siri ni mteremko. Mbele kidogo ya bwawa, safu ya Udzungwa inakatika ghafla kuelekea bonde la Kilombero. Maji huingizwa ndani ya mwamba na kushuka mita zipatazo 850 hadi kwenye mitambo mitatu iliyofungwa chini ya ardhi. Hapo hubanwa kwenye mdomo mwembamba, yakachomoka kwa kasi inayozidi kilomita 400 kwa saa na kuvipiga vikombe vya chuma vilivyozunguka gurudumu, kwa mtindo aliousajili Mmarekani Lester Pelton mwaka 1880. Tangi la lita 1,000, lile la kawaida uani, likimwagwa kutoka kimo hicho lina nishati ya uniti mbili na ushee za LUKU. Sasa fikiria matangi 24 kila sekunde. Hapo ndipo mitambo yote inafanya kazi kwa nguvu zake zote.

Mteremko huohuo ulikuwa na kazi nyingine kabla ya mradi. Mto uliporuka korongoni, poromoko baada ya poromoko, maji yaligonga miamba na kupasuka kuwa manyunyu yaliyolowesha kingo masika na kiangazi. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza, watafiti wakakuta humo chura wa manjano asiyepatikana kwingine kokote duniani. Makazi yake yote yalikuwa hekta chache tu za majani mabichi. Aliyekomaa hafikishi sentimita 3. Tena hatagi mayai: jike huzaa watoto walio hai, vyura kamili, bila hatua ya viluwiluwi dimbwini. Kwenye mteremko unaopigwa na maji mchana kutwa, kiluwiluwi angekaa wapi?

Mitambo ilipowashwa, zaidi ya asilimia 90 ya maji ilichepushwa na manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walipandishwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, Marekani. Huku nyuma yakatandazwa mabomba yenye vinyunyizio juu ya kingo zilizokauka: mvua ya kutengenezwa, ndani ya msitu wa mvua. Ilisaidia. Kufikia katikati ya 2003 vyura walikuwa wamerudi kwa maelfu, kisha ndani ya miezi michache wakaporomoka. Kuvu anayeshambulia ngozi ya vyura alikutwa miongoni mwao. Mwaka 2009 shirika la uhifadhi la IUCN lilitangaza kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini.

Waliozalishwa Bronx na katika bustani nyingine ya Marekani, ya Toledo, walianza kurejeshwa mwaka 2010 katika maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 baadhi yao wakaachiwa korongoni.

Mgeni anayefika huko kwa kawaida huuliza bwawa liko wapi. Mimi ningempeleka kwanza kwenye vinyunyizio, kwani ndipo hesabu ya Kihansi inapoonekana kwa macho. Maji yanayoachiwa mto hayapiti kwenye mashine. Kila mita ya ujazo kwa sekunde inayobaki korongoni ni takriban megawati 7.5 ambazo hazizalishwi, na kiangazi, mabwawa mengine yakipwaya na mgawo ukibisha hodi, megawati hizo huwa na watetezi wengi. Chura ana watetezi wachache, na manyunyu anayahitaji zaidi msimu huohuo.