Je, Wajua? Usaha Nyuma ya Sikio na Msimbo wa H70

Mtoto akilia sikio, wengi wetu huchungulia tundu tu. Leo tuguse nyuma ya sikio, kisha tufungue faili la hospitali.

1. Je, wajua kwamba mfupa mgumu unaougusa nyuma ya sikio una uwazi ndani? Huo ni mfupa wa mastoidi, na ndani yake mna vijumba vya hewa kama sega la nyuki. Vijumba hivyo vimeungana na sikio la kati, ndiyo maana usaha wa sikio ukizidi huweza kuingia mfupani.

2. Je, wajua dalili za maambukizi ya mastoidi? Nyuma ya sikio panavimba na kuuma pakiguswa, na sikio lenyewe husukumwa mbele likachomoza. Homa huambatana. Watoto wa chini ya miaka 2 ndio huathirika zaidi. Hapo usiishie duka la dawa. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usaha ukivuka mfupa huweza kufika kwenye utando wa ubongo, au kusababisha damu igande kwenye mshipa mkubwa ulio jirani.

3. Je, wajua kwamba hata wafalme hawakusalimika? Francis wa Pili wa Ufaransa alifariki mjini Orléans Desemba 1560, akiwa na miaka 16, baada ya kuugua sikio. Baadaye sana, mwaka 1873, Hermann Schwartze, daktari wa Halle nchini Ujerumani, alieleza kwa utaratibu ni wakati gani mfupa wa mastoidi ufunguliwe na usaha utolewe.

4. Je, wajua kwamba ugonjwa huu una msimbo wake duniani? Katika ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, masikio na mastoidi yamepewa sura nzima, kuanzia H60 hadi H95. Maambukizi ya ghafla ya mastoidi ni H70.0, yale sugu ni H70.1.

5. Je, wajua kwamba mwanzoni orodha hiyo ilihesabu vifo? Mfaransa Jacques Bertillon aliiwasilisha Chicago mwaka 1893. Shirika la Afya Duniani lilipoichukua mwaka 1948, katika toleo la sita, magonjwa na majeraha yasiyoua nayo yakapata nafasi.

6. Je, wajua kwamba tarakimu moja inaweza kutaja upande wa kichwa? Marekani hutumia toleo lake, ICD-10-CM, tangu Oktoba 1, 2015. Tuchukue H70.011. H70 ni maambukizi ya mastoidi. Sifuri iliyo baada ya nukta ni ya ghafla. Tarakimu 1 inayofuata ni jipu lililojikusanya chini ya utando unaofunika mfupa. Ile 1 ya mwisho ni sikio la kulia. Ingekuwa 2, ni la kushoto. 3, yote mawili. 9, upande haukutajwa. Toleo lililotangulia, ICD-9-CM, halikutaja upande wa ugonjwa huu.

7. Je, wajua gharama ya kuandika neno moja? Daktari akiandika “mastoidi, dawa imeanza” bila kuongeza kitu, faili hilo huishia H70.90: haijulikani kama ni ya ghafla au sugu, wala kama ni kulia au kushoto. Akiandika “maambukizi ya ghafla ya mastoidi ya kulia, jipu chini ya utando wa mfupa”, msimbo unatoka kamili. Mtoto ni yule yule, lakini faili la kwanza halisemi alivyokuwa mgonjwa.

8. Je, wajua kwamba anayeweka msimbo haruhusiwi kubahatisha? Faili likiwa na utata, humrudia daktari na kumuuliza. Kuhusu upande, miongozo ya Marekani inaruhusu pia maelezo ya wahudumu wengine, akiwemo muuguzi, iwapo daktari hakuutaja. Mstari wa muuguzi wa zamu ya usiku una uzito wake.

9. Je, wajua kwamba kijidudu nacho huandikwa? Nimokokasi, kimojawapo cha visababishi vikuu, huongezewa msimbo wa B95.3. Chanzo kikiwa kifua kikuu, ugonjwa huhamia kundi la misimbo ya kifua kikuu: A18.03.

10. Je, wajua kwamba maambukizi yanaweza kusonga ndani zaidi, hadi ncha ya mfupa wa petrosi? Hapo msimbo ni H70.2. Daktari Mwitalia Giuseppe Gradenigo aliunganisha dalili tatu: sikio linalotoa usaha, maumivu makali upande huo wa uso au nyuma ya jicho, na jicho kushindwa kugeuka upande wa nje.

11. Je, wajua kwamba chanjo ya nimokokasi, ambayo Kenya iliianza mwaka 2011, inalenga kijidudu hicho hicho? Ili tujue watoto wangapi imewaepusha na kisu, ni lazima kila mgonjwa aandikwe sawasawa. Tanzania, takwimu za vituo hupita katika mfumo wa MTUHA. Kinachokosekana kwenye rejista ya zahanati hakiwezi kuonekana wizarani.

12. Je, wajua kwamba toleo jipya, ICD-11, lilianza kutumika Januari 1, 2022? Nchi zinahamia kwa awamu. Lakini toleo lolote litakalotumika, hakuna msimbo unaoweza kujua kitu ambacho hakikuandikwa.

Mzazi, mwanao akiruhusiwa kutoka hospitali, soma karatasi ya ruhusa kabla hujatoka wodini. Tafuta mambo matatu: ni sikio lipi, ni ya ghafla au sugu, na kama kulikuwa na jipu au tatizo lingine. Kama mojawapo halipo, omba liandikwe. Ni haki ya mtoto, na daktari atakayemwona mwakani atayahitaji yote matatu.