Tufyeke Mipaka Kabla ya Kiangazi

Mvua za vuli zinapokoma mwezi Desemba, miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya huwa imestawi kweli kweli. Kuanzia Irangi kule Embu hadi Imenti na Marania kule Meru, nyasi hufika kiunoni na vichaka huziba vijia. Januari jua likishika kasi, majani hayo hugeuka kuni. Cheche ya mrina asali, mchoma makaa au mkulima anayeteketeza mabua inatosha. Machi 2012 moto uliunguza eneo kubwa la mlima, na Februari 2019 ukazuka tena.

Sheria zipo. Sheria ya Moto wa Nyasi, Sura ya 327, inadhibiti uchomaji wa nyasi na vichaka. Sheria ya Misitu ya 2016 inakataza kuwasha, kubeba au kutupa moto msituni bila idhini, na inavipa vyama vya kijamii vya misitu jukumu la kusaidia kuuzima. Katiba ya 2010 nayo imezikabidhi kaunti huduma za zimamoto. Lakini aliyewasha akishatafutwa na wazimaji wakishaitwa, hasara imekwisha kuingia. Kinga ya kweli ni panga na fyekeo kwenye mpaka wa shamba na msitu, wiki kadhaa kabla.

Ushahidi uko katika mashamba ya msituni. Mkulima aliyegawiwa kipande na Shirika la Huduma za Misitu hupanda viazi na maharagwe kati ya miche. Anapopalilia chakula chake, anaipunguzia miche magugu ambayo yangeusambaza moto. Miti ikifunga kivuli baada ya miaka michache, mkulima huondoka. Hapo ndipo matawi makavu na nyasi za kingoni hujilimbikiza bila mwenyewe.

Uzio wa umeme wa kuzuia ndovu nao unatufundisha. Nyasi zikigusa waya, umeme hupotea ardhini na ndovu hupita. Kwa hiyo njia ya uzio lazima ifyekwe. Kazi hiyo hiyo, ikifanywa vizuri, huuacha moto bila cha kula.

Kufyeka si kuacha ardhi uchi. Kwenye miteremko mikali, tukate majani na kuacha mizizi ishike udongo. Kingo za mito tuziache na uoto wake. Majani mabichi yanayofaa tuwape ng'ombe na mbuzi, na yaliyosalia tuyatandaze chini ya kahawa, mbali na mpaka wa msitu. Anayefyeka kisha akachoma marundo yake wakati wa upepo ameiharibu kazi yake mwenyewe.

Ninayaomba mabunge ya kaunti za Meru na Embu yaweke kanuni nyepesi na wazi: tarehe ya mwisho ya kufyeka mpaka kila msimu, upana wa ukanda kulingana na mteremko, na afisa wa kukagua. Machifu wazitangaze barazani mapema. Mpaka wa mjane au mzee asiyejiweza ufyekwe na vijana wa kijiji, nao walipwe na kaunti.

Mito ya Kathita na Rupingazi huanzia kwenye mlima huu na maji yake huishia Tana, mto unaoyalisha mabwawa ya umeme ya Masinga hadi Kiambere. Gharama ya siku mbili za kufyeka kijijini ni ndogo mno ikilinganishwa na msitu unaotunza maji hayo.