Usimkalishe mzee wako bure

NI jambo la kawaida hapa mjini, mtu akipata riziki nzuri, kumtoa mzazi wake kijijini na kumleta aishi naye ili apumzike. Hata mimi nilifanya hivyo. Mama alipotimiza miaka 71 nilimhamisha kutoka Murang'a, nikamweka kwetu Nairobi katika nyumba ya ghorofa ya nne. Hakuwa tena na kuni za kutafuta wala ng'ombe wa kukama. Chai aliletewa pale pale alipoketi, mbele ya televisheni. Miezi minane baadaye, asubuhi moja, alijaribu kunyanyuka kitini akashindwa mpaka aliposhika meza. Sikuwa nimegundua lolote, ilhali kazi yangu ni kuwapima watu!

Misuli ya binadamu huanza kupungua polepole baada ya miaka 30 hivi, na kasi hiyo huzidi mtu apitapo 60. Lakini kukaa tu huimaliza upesi zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10, na miguu yao ikapoteza karibu kilo moja ya misuli. Misuli ya mapaja ikilegea, mzee huyumba. Akiteleza bafuni anaweza kuvunjika nyonga, na wapo wasiotembea vyema tena baada ya hapo. Isitoshe, misuli ndiyo hutumia sehemu kubwa ya sukari itokanayo na chakula, hivyo anayekaa kutwa nzima huukaribisha ugonjwa wa kisukari.

Jambo hili si geni. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Madereva, waliokaa siku nzima, walipatwa na ugonjwa wa moyo kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. (Makanga wetu wa kuning'inia mlangoni ni kisa kingine.)

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawashauri wenye miaka 65 na zaidi kufanya mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka kidogo, kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Linaongeza mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku mbili, na ya kumzuia mtu asianguke siku tatu. Hayahitaji ukumbi wa kulipia. Egemeza kiti imara ukutani, mzee aketi, akunje mikono kifuani, kisha asimame na kuketi tena mara tano. Akishindwa, ashike kiti kwanza, aendelee hivyo kwa wiki kadhaa. Akihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi, aache na aonwe na daktari.

Tazama pia sahani yake. Wazee wengi hushinda na chai na mkate, ambavyo havijengi misuli. Mpe maharagwe, ndengu, mayai, maziwa au omena.

Ubongo nao hudhoofika usipotumiwa. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilieleza mwaka 2024 kwamba karibu visa 45 kati ya kila 100 vya maradhi ya kupotewa na kumbukumbu vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwa mambo 14 yanayochangia, lilitaja upweke, kutofanya mazoezi na kupoteza uwezo wa kusikia. Kwa hivyo mzee asiyeitika unapomwita huenda si mkaidi. Mpeleke apimwe masikio.

Bila shaka unamkumbuka marehemu Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Watu walicheka. Mwaka uliofuata alikuwa New York, akizungumzia elimu katika Umoja wa Mataifa.

Mama sasa ndiye anayekwenda sokoni. Hushuka ngazi zote nne mwenyewe, akabishana na muuza sukuma wiki, na Alhamisi huhudhuria chama cha akina mama. Msimu wa kupanda ukifika hurudi Murang'a, nami siku hizi simzuii.