Namna ya kutambua mzinga wa zamani

Tukiona mzinga wenye magurudumu tunasema mara moja: huu ni wa askari wa nchi kavu. Kumbe magurudumu yanadanganya.

Kule Mombasa, ku ngome ya Fort Jesus, kuna mizinga miwili ya manowari: mmoja wa Königsberg ya Wajerumani, mwingine wa Pegasus ya Waingereza, iliyozamishwa na Königsberg Zanzibar mwaka 1914. Königsberg nayo iliharibika mtoni Rufiji mwaka 1915. Wajerumani wakatoa mizinga yake 10, mingine wakaitia magurudumu; mmoja ukafika hata ku ziwa letu Tanganyika, katika meli Götzen.

Basi tunapashwa kupima upana wa shimo la mdomo: Königsberg milimetri 105, Pegasus karibu 102. Tena tusome maandishi ya ku chuma: kiwanda, namba, mwaka.

Lakini mwaka 1916 jeshi la Kongo liliingia Tabora na mizinga midogo, iliyofunguliwa vipande na kubebwa na wapagazi. Majina yao hayakuandikwa ku chuma. Tuwaulize wazee wetu habari za babu zao, nasi tuyaandike.