Ndugu Aliyeondoka na Ndugu Aliyebaki

Kijana wa Kinyala, wilayani Rungwe, akimaliza shule, mazungumzo ya nyumbani hurudi kwenye shamba. Migomba imeshajaa, wana ni kadhaa, na kipande kikigawanywa tena hakimtoshi yeyote. Mmoja atabaki alime. Mwingine atapanda basi la Dar es Salaam. Wa tatu atapanga chumba Tukuyu na kuanza na bodaboda ya mkataba. Yupi ataupa umaskini mgongo?

Jibu bora tulilonalo Tanzania limetoka Kagera, mkoa unaofanana na Rungwe kwa mengi: migomba, kahawa, mvua za kutosha, mpaka wa nchi jirani ulio karibu, na Dar es Salaam iko mbali. Utafiti wenyewe ulianza mwaka 1991 kwa sababu nyingine kabisa. UKIMWI ulikuwa ukiwamaliza watu wazima, na Benki ya Dunia pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitaka kujua kaya hubaki na hali gani mlezi anapofariki. Hadi mwaka 1994, kaya zipatazo 915 zilikuwa zimehojiwa.

Watafiti walirudi mwaka 2004, na safari hii hawakuishia kwa waliowakuta nyumbani. Waliwafuata waliohama. Shangazi anaulizwa mpwa wake yuko wapi, jirani anaulizwa nani ana habari zake, kisha mdadisi anafunga safari kwenda Mwanza, Dar es Salaam, hata Uganda. Kaya za awali zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 2,700. Kazi hiyo ni ghali na inachosha, ndiyo maana tafiti nyingi huikwepa, lakini bila hiyo waliofanikiwa wakaondoka hawaonekani kabisa kwenye takwimu.

Mdadisi haanzi na swali la mshahara, kwa kuwa mkulima hana. Anauliza mlichokula: ndizi, maharage, mafuta. Zipi zimetoka shambani, zipi zimenunuliwa? Sabuni je, ada, nauli? Vyote hupewa thamani ya fedha, na jumla yake ndiyo kipimo cha hali ya maisha.

Ugumu uko kwenye kulinganisha. Huenda anayehama ni yule aliyesoma zaidi au mwenye kuthubutu, ambaye angefanikiwa hata kama angebaki. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon, waliochapisha matokeo yao mwaka 2011, walipunguza tatizo hilo kwa kuwalinganisha watu waliokula chungu kimoja mwanzoni mwa miaka ya 1990, mmoja akahama na mwingine akabaki. Ukuaji wa matumizi ya aliyehama ulizidi wa mwenzake kwa pointi 36 za asilimia. Miongoni mwa waliobaki kijijini, kiwango cha umaskini kilishuka kwa pointi 4 hivi katika miaka 13. Kwa waliotoka nje ya mkoa kilishuka kwa pointi 23.

Msomaji anaweza kuhitimisha hapo kwamba dawa ni basi la Dar. Subiri kwanza. De Weerdt, akiwa na Luc Christiaensen na Yasuyuki Todo, aliendelea na watu haohao hadi mwaka 2010, ila safari hii wakauliza waliotoka kwenye umaskini walipitia njia ipi. Karibu nusu yao walikuwa wameacha kilimo na kuingia kwenye shughuli nyingine vijijini au kwenye miji midogo. Waliopitia jiji kubwa walikuwa mmoja tu kati ya saba. Aliyefika jijini alipanda haraka zaidi, ni kweli, lakini wanaofika huko ni wachache.

Kwangu mimi hili ndilo la kushikwa Rungwe. Tukuyu na Kiwira hazina mvuto wa Kariakoo, lakini kijana akishindwa anarudi nyumbani jioni ileile. Chumba ni nafuu, wateja wengine ni watu wa kwao, na msimu wa palizi hajatoka mbali na jembe. Tazama mikungu ya ndizi inapopakiwa kwenye fuso kwenda Mbeya: kuna dalali, wapakiaji, mwenye pikipiki aliyeishusha kutoka shambani, mama lishe anayewalisha wote. Hakuna kati yao anayehesabiwa mkulima siku hiyo.

Kuhama kwenyewe si jambo geni huku. P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti Rungwe miaka ya 1950, aliandika mwaka 1957 kuhusu Wanyakyusa, wenyeji wa huku, waliokwenda kutafuta kazi mbali na kwao. Vijana wa wilaya hii walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, Chunya, na kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo. Mwaka uliofuata Gulliver akachapisha kitabu juu ya ardhi yao na jinsi ilivyokuwa ikibana.

Nani basi hunufaika, anayeondoka peke yake? Mwaka 2016 De Weerdt na Kalle Hirvonen walionyesha kwamba aliyebaki Kagera akipatwa na janga, aliyehama hujibana ili asaidie. Aliyehama akipatwa yeye, matumizi ya waliobaki hayatikisiki. Bima hiyo inalipwa na upande mmoja, na aliyehama haonekani kudai chochote.